Kipimo cha Umaskini Mbele ya Mahakama



Baada ya uhuru wa 1963, mashamba mengi ya walowezi katika Trans Nzoia yalinunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi, kisha yakagawanywa. Penye mgawanyo hapakosi madai. Nayo madai yakifika mahakamani, ada hutangulia.

Sheria haikumsahau asiye nacho. Kanuni za kesi za madai, ambazo wakoloni waliziiga kutoka India, zilimruhusu maskini kushtaki bila ada. Ruhusa hiyo imo hata leo katika Agizo la 33 la kanuni za 2010. Kipimo chake si nguo kuukuu, bali kukosa uwezo wa kulipa ada ya kesi ile. Mwombaji huorodhesha mali yake na thamani yake. Aliyeiuza kwa hila hukataliwa.

Lakini kusamehewa ada si kupata wakili. Pengo hilo walilishughulikia watu wa kujitolea, kama Kituo cha Sheria kilichoanzishwa 1973. Hatimaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikaagiza msaada kwa gharama ya Serikali, hata katika kesi za madai, kwa mkazi asiye na uwezo.

Basi twawasihi: mwenye ekari mbili asiye na shilingi mkononi asikate tamaa, wala asiifiche ardhi yake. Aiandike, aeleze kwa nini haimpatii fedha. Umaskini si aibu. Uongo ndio uangushao ombi.