Kibanda cha simu kwenye picha ya zamani: tazama kengele, kisha tazama mlango

Leo tuweke msimbo kando tuzungumzie picha. Nina ugonjwa mmoja usio na dawa: nikiona picha ya zamani ya mtaa wa Marekani kwenye mtandao, siangalii magari wala kofia za watu. Natafuta simu ya umma. Mtu huandika chini ya picha "New York, miaka ya 1930" bila ushahidi wowote, picha inanakiliwa mara elfu, na mwaka ule wa kubahatisha unageuka kuwa ukweli. Lakini bango la simu pale ukutani si rahisi kulisingizia. Lina namba ya toleo kama programu yoyote ile.

Tuanze na kengele. Kampuni ilibeba jina la Alexander Graham Bell, na jina hilo kwa Kiingereza ni kengele, kwa hivyo alama ilijileta yenyewe. Mwaka wa 1889 Angus Hibbard, aliyesimamia simu za masafa marefu pale AT&T, alibuni bango la kengele ya buluu. Lilitundikwa nje ya maduka ya dawa na mahoteli ili mpita njia ajue kwamba humo ndani kuna simu. Kengele hiyo ilichorwa upya mwaka wa 1900, ikachorwa tena 1921, halafu 1939, halafu 1964. Mwaka wa 1969 akaja Saul Bass, yule yule wa mabango ya sinema, akafuta maneno yote akabakiza kengele tupu ndani ya duara. Na 1984, kampuni ilipovunjwa vipande, AT&T iliiacha kengele ikachukua alama ya dunia.

Kwa hivyo ukiona kengele ya Saul Bass kwenye picha inayodaiwa kuwa ya 1955, mtu anakudanganya. Ila angalia usilipindue jambo hili. Bango linakwambia "si kabla ya mwaka fulani". Halikwambii "si baada ya". Bango la chuma lililopakwa enameli halifi, na mwenye duka hana haraka ya kupanda ngazi kuling'oa. Ni kama ile seva ya zamani kwenye kona ya ofisi ambayo kila mtu anaogopa kuizima.

Hapo ndipo unaiangalia simu yenyewe. Simu ya sarafu ya kwanza, ya William Gray, iliwekwa kwenye benki mjini Hartford mwaka huo huo wa 1889. Kwa miongo mingi simu ya mtaani ilikuwa na matundu matatu juu: la senti 5, la senti 10 na la senti 25. Tundu moja linalopokea sarafu zote lilikuja katikati ya miaka ya 1960. Vitufe badala ya gurudumu la kuzungusha vilianza 1963, vikiwa kumi tu. Nyota na reli, hizi tunazobonyeza kila siku kuangalia salio, ziliongezwa 1968. Bei pia husaidia: New York ilitoka senti 5 ikaingia senti 10 mwaka wa 1951.

Matundu yale matatu yanastahili sifa kidogo. Senti 5 ikishuka iligonga kengele mara moja, senti 10 mara mbili, na senti 25 ikapiga gongo zito. Opereta alikaa upande wa pili akisikiliza na kuhesabu. Yaani malipo yote yalithibitishwa kwa sikio! Baadaye milio hiyo ikawa ya kielektroniki, mawimbi mawili ya 1700 na 2200 Hz yakilia pamoja, na vijana watundu wakatengeneza vidude vya kuiga mlio wa sarafu ambayo hawakuwa nayo. Mtu yeyote aliyewahi kuandika programu ya malipo anajua kosa liko wapi: mfumo uliamini chochote kilichotoka upande wa mteja.

Sasa mlango, ambao kwangu ndio wenye habari kubwa zaidi.

Picha za mwanzo zinaonyesha vibanda vya mbao, vilivyowekwa ndani ya hoteli na stesheni za treni, vingine vikiwa na kiti na taa. Ulifunga mlango ukawa peke yako. Lakini neno "umma" kwenye bango lisikupumbaze. Mwaka wa 1915 jimbo la Oklahoma lilitunga sheria ya kutenga vibanda vya simu, vya wazungu mbali na vya weusi. Waya ule ule, sarafu ile ile, mlango mwingine. Ukitazama picha ya kibanda cha enzi hiyo katika majimbo ya kusini, jiulize pia ni nani hakuruhusiwa kusimama hapo.

Miaka ya 1950 vibanda vilitoka nje barabarani, sasa vya kioo na alumini. Ndivyo tunavyovijua kutoka sinema. Mtu wa ndani alionekana na mtaa mzima, ila hakusikika. Tofauti hiyo ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Charles Katz alikuwa akitumia vibanda vya Los Angeles kupitisha habari za kamari, na FBI wakabandika kinasa sauti nje ya kibanda. Serikali ilijitetea kwamba kibanda ni cha kioo na mtu huyo alikuwa akionekana wazi. Mwaka wa 1967 majaji saba dhidi ya mmoja waliikataa hoja hiyo: aliyefunga mlango na kulipa sarafu yake hakuwa akijificha macho, alikuwa akiyazuia masikio. Mijadala ya leo kuhusu faragha ya data nchini humo bado inarudi kwenye kibanda kile.

Halafu mlango ukapotea. Kufikia miaka ya 1970 picha zimejaa vibanda nusu: nguzo, simu, na kikinga cha kufunika kichwa na mabega. Vilikuwa rahisi kusafisha, vigumu kuharibu, na mwenye kiti cha magurudumu aliweza kuvifikia. Katika filamu ya Superman ya 1978, shujaa anatafuta mahali pa kubadilisha nguo, anakikagua kibanda cha namna hiyo juu mpaka chini, anaenda zake.

Kwetu hesabu ya miaka ni nyepesi zaidi ikiwa jina la shirika linasomeka kwenye picha. Shirika la posta na simu la Afrika Mashariki lilitumikia nchi tatu hadi jumuiya ilipovunjika 1977; kisha likaja la Kenya peke yake, KP&TC; na jina la Telkom Kenya haliwezi kuonekana kabla ya 1999. Ukiona Simu ya Jamii, hiyo ni miaka ya 2000, na hapo mlango hata haukufikiriwa: mwenye kibanda alikaa mbele yako, saa mkononi, akisikia unavyomwomba mjomba karo.

New York iliondoa simu yake ya mwisho ya sarafu inayomilikiwa na jiji tarehe 23 Mei 2022, pale Seventh Avenue na barabara ya 50, ikapelekwa makumbusho. Mahali pa simu hizo palichukuliwa na nguzo za LinkNYC zilizoanza 2016, zenye skrini, intaneti ya bure na kamera. Unapiga simu bila kulipa, umesimama kando ya barabara, kwa spika.