Funzo la Oktoba 1978: Bandari ya Dar es Salaam na Mizigo ya Zambia

Tarehe 6 Oktoba 1978 Rais Kenneth Kaunda aliwatangazia wananchi wa Zambia kwamba serikali yake imeamua kuifungua tena njia ya reli ya kusini, ile ipitayo Rhodesia. Njia hiyo ilikuwa imefungwa tangu Januari 1973. Uamuzi huo haukuletwa na kushindwa vitani, wala na kubadilika kwa msimamo wa kiongozi huyo juu ya ukombozi wa Afrika. Uliletwa na mbolea. Mbolea ya Zambia ilikuwa imelundikana katika njia ya Dar es Salaam, mvua za kupandia mahindi zilikuwa zimekaribia, na mkulima hapandi kwa hotuba.

Askari huhesabu silaha zake, watu wake na posho ya kikosi chake. Kisa hicho kinaonyesha kwamba iko hesabu nyingine isiyoonekana gwarideni, nayo ni idadi ya tani ambazo gati laweza kupakua kwa siku, na idadi ya mabehewa yanayosubiri nyuma ya gati hilo. Hesabu hiyo haipatikani siku ya dharura. Hupatikana kwa mpango ulioandikwa miaka kumi au kumi na mitano kabla ya siku hiyo kufika.

Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ilirithi nchi isiyo na bahari, na reli ambayo wakoloni waliielekeza kusini. Shaba yake ilisafirishwa kwa reli ya Rhodesia hadi bandari za Msumbiji, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Wareno. Mafuta yake na makaa yake ya mawe kutoka Wankie yalipita njia hiyo hiyo. Dar es Salaam, kwa upande wake, haikuwa ngeni kwa mizigo ya jirani. Tangu mkataba wa mwaka 1921 Wabelgiji walipewa eneo lao hapo bandarini, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili wapitishe mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi kwa njia ya Kigoma. Lakini magati matatu ya maji ya kina yaliyokamilika mwaka 1956 yalijengwa kwa ajili ya katani, pamba na kahawa ya Tanganyika. Hakuna aliyeyapima kwa shaba ya Zambia. Hata reli ya kuyaunganisha magati hayo na Zambia haikuwapo, na mwaka 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia walitoa maoni kwamba kuijenga hakungelipa.

Kwa hesabu ya mizigo iliyokuwapo wakati ule, pengine wataalamu hao walikuwa na hoja. Kosa la hesabu yao ni kwamba waliupima mzigo wa jana. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao katika Rhodesia. Mwezi uliofuata Uingereza iliiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta, na Rhodesia nayo ikaikatia Zambia mafuta. Katika muda wa majuma machache njia ambayo jana ilionekana haina faida ikawa njia ya uhai.

Hapo ndipo kiwanja cha ndege kilipoitwa kufanya kazi ya bandari. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilianza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa. Baadaye ndege za Hercules za shirika la Zambian Air Cargoes zilileta shaba Dar es Salaam na kurudi na mafuta. Kazi hiyo iliiokoa Zambia isizimike, na marubani wake wastahili heshima. Hata hivyo, hesabu yake ni nyepesi kuielewa. Zambia ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 600,000 za shaba kwa mwaka. Ndege moja ikibeba tani 20, shaba hiyo ingehitaji safari 30,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya safari 80 kila siku, bila kuhesabu mafuta, chakula wala mitambo. Ndege huziba pengo. Haichukui mahali pa meli na reli. Kila mpangaji wa bandari na viwanja vya ndege yampasa kulijua hilo tangu mwanzo: kiwanja hupangwa kwa ajili ya shehena ya haraka na ya thamani, na kwa ajili ya siku ambayo njia nyingine zimekatika.

Nchi hizi mbili hazikukaa zikingojea. Malori yalipelekwa katika barabara ya vumbi na matope iendayo Tunduma, barabara ambayo madereva wake waliifahamu kwa ajali zake. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Barabara nayo ikatiwa lami. Kisha, kwa mkopo usio na riba kutoka China, ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza mwaka 1970. Reli hiyo ya kilomita 1,860 ilipenya milima ya kati ya Mlimba na Makambako kwa madaraja na mahandaki mengi, ikafika Kapiri Mposhi mwaka 1975, na ikakabidhiwa rasmi kwa serikali mbili tarehe 14 Julai 1976. Watu waliodhani haiwezekani walinyamaza.

Kwa nini basi, miaka miwili tu baada ya siku hiyo ya furaha, mbolea ikakwama?

Jibu ni kwamba mnyororo hukatika penye pete dhaifu. Reli ilijengwa kwa kasi ya ajabu, lakini bandari iliyoilisha reli hiyo haikukua kwa kasi hiyo. Januari 1973 Smith alifunga mpaka, na hata alipotaka kuufungua mwezi Februari, Zambia ilikataa kurudi. Mwezi Agosti 1975 reli ya Benguela, iliyokuwa ikipeleka shaba bandari ya Lobito, ilifungwa na vita vya Angola. Hivyo karibu uzito wote wa Zambia ukaegemea ukuta mmoja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Bandari iliyokuwa chini ya shirika la pamoja ikalazimika kuundiwa mamlaka ya taifa, na reli ya kati ikatengwa na karakana kuu ya Nairobi.

Ndani ya mnyororo huo kulikuwa na udhaifu mwingine. Reli ya kati ina upana wa milimita 1,000, na TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Kwa hiyo mabehewa ya reli moja hayakuweza kuisaidia nyingine. Injini zilizokuja na TAZARA zilielemewa na miinuko ya Mlimba. Mabehewa yaliyofika Zambia yalichelewa kurudi. Behewa lisiporudi, ghala la bandarini halipungui. Ghala lisipopungua, meli haipakuliwi. Na meli isipopakuliwa, nyingine hukaa nangani nje ya mlango wa bandari, gharama ikiongezeka kila siku. Mtu wa Lusaka aliyekuwa akingoja mbolea hakujali ni pete ipi iliyokatika.

Matokeo yake yalizidi mambo ya biashara. Tarehe 19 Oktoba 1978, majuma mawili hayajatimia tangu njia ya kusini ifunguliwe, ndege za Rhodesia zilishambulia kambi za wapigania uhuru wa ZAPU karibu na Lusaka. Zambia ikajikuta ikipokea mizigo kupitia mikononi mwa adui yule yule aliyekuwa akidondosha mabomu juu ya ardhi yake. Mwisho wa mwezi huo huo majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na Tanzania ikalazimika kuelekeza treni na malori yake kaskazini-magharibi. Mwaka uliofuata, Oktoba 1979, askari wa Rhodesia waliteremka kwa miavuli kaskazini mwa Zambia wakalipua madaraja ya Chambeshi, la reli na la barabara. Kwa pigo hilo moja njia ya Dar es Salaam ilikatwa, na Zambia ikazidi kuitegemea njia ya kusini. Adui alikuwa ameielewa ramani ya shehena vizuri kama walivyoielewa wapangaji wenyewe.

Historia hiyo inatoa mafunzo matatu. La kwanza, mpango wa bandari usiupime mzigo wa jana peke yake. Upime pia mzigo unaoweza kuja siku jirani atakapofungiwa mlango mwingine. La pili, gati, ghala, reli, barabara, forodha na kiwanja cha ndege hupangwa pamoja, kwa maana nafasi iliyoongezwa mahali pamoja huhamisha tu foleni mahali pengine. La tatu, ulinzi ni sehemu ya mpango tangu siku ya kwanza. Daraja lisilolindwa ni sawa na daraja lisilojengwa.

Tangu wakati huo mengi yamebadilika. Magati ya Dar es Salaam yaliongezwa hatua kwa hatua hadi kufikia 11, na makontena yakachukua nafasi ya magunia na masanduku yaliyobebwa na makuli. Mradi mkubwa ulioanza mwaka 2017, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 345, ulikusudia kuongeza kina cha magati hadi mita 14.5 ili meli kubwa zaidi zipokelewe. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa ili lori lisikaguliwe mara mbili. Mwezi Juni 2023 Shirika la Ndege la Tanzania lilipokea ndege yake ya mizigo aina ya Boeing 767, yenye uwezo wa kubeba tani 54. Mwezi Septemba 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia huko Beijing kutiwa saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA.

Lakini jirani wa leo si jirani wa mwaka 1978. Zambia na Kongo zinaweza kuchagua Durban, Beira, Walvis Bay, au Lobito, ambayo reli yake imefufuliwa. Zamani jirani alikuja Dar es Salaam kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Sasa huja akipewa sababu ya kuja. Bandari iliyochelewa kupanga haitaona tena foleni ya meli nje ya mlango wake. Itaona bahari tupu, na hiyo ni hasara mbaya kuliko foleni.

Katika kazi hiyo, mlinzi wa lango la bandari, askari polisi katika kizuizi cha barabara ya Tunduma na mwanajeshi anayelinda daraja wana nafasi yao. Saa moja ambayo lori limesimamishwa bila sababu ni saa iliyoondolewa katika mpango wa taifa. Kasha moja lililofunguliwa gizani hupeleka mizigo ya mwaka mzima katika bandari ya nchi nyingine. Mwaka 1978 jirani alirudi kwa adui yake kwa sababu mbolea ilichelewa. Wajibu wa wapangaji ni kuhakikisha kwamba nafasi ipo kabla mzigo haujafika; wajibu wa walinzi ni kuhakikisha kwamba, ukishafika, unapita salama na kwa wakati.