Jinsi damu inavyokabiliana na asidi mwilini

MTOTO mwenye homa kali akianza kuvuta pumzi ndefu na za haraka, kana kwamba ametoka mbioni ilhali amelala kitandani, wengi wetu hudhani ana nimonia. Mara nyingi dhana hiyo huwa sahihi. Hata hivyo, kuna nyakati ambapo mapafu yake hayana dosari yoyote, na pumzi hizo ni juhudi za mwili za kupunguza asidi iliyozidi katika damu.

Wanasayansi hupima asidi kwa kipimo kiitwacho pH, kilichobuniwa mwaka wa 1909 na Søren Sørensen, mwanakemia wa Denmark aliyefanya kazi katika maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen. Maji safi huwa na alama 7. Chini ya hapo ni asidi, na juu yake ni alkali. Maji ya ndimu hukaribia 2. Kila alama moja ni tofauti ya mara kumi, kwa hivyo badiliko linaloonekana dogo kwenye karatasi huwa kubwa mwilini.

Damu ya mtu mwenye afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Ikishuka chini ya 6.8, ni nadra mtu kuishi, kwani protini zinazoendesha kazi za seli huvurugika na misuli ya moyo hulegea.

Ajabu ni kwamba mwili wenyewe ndio kiwanda cha asidi hiyo. Seli zinapotumia chakula kupata nguvu, hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo ikichanganyika na maji huwa asidi ya kaboni. Protini, iwe ni ya nyama au ya maharagwe, nayo huacha asidi nyingine zisizoweza kutoka kwa njia ya pumzi.

Damu haichachi kwa sababu ina kemikali ziitwazo bafa. Bafa ni jozi ya vitu viwili: asidi dhaifu, na mwenzake mwenye uwezo wa kunasa chembe za haidrojeni ambazo ndizo huleta ukali wa asidi. Chembe hizo zikizidi, mwenzake huzinasa. Zikipungua, asidi dhaifu huachilia zake. Kazi hiyo hufanyika papo hapo.

Jozi kuu katika damu ni asidi ya kaboni na bikaboneti, kemikali ambayo pia imo katika magadi yanayotiwa kwenye maharagwe ili yaive upesi. Himoglobini iliyo katika seli nyekundu husaidia pia, sawa na protini nyingine na fosfeti.

Ndani ya chupa iliyofungwa, jozi ya bikaboneti ingekuwa bafa hafifu mno kwa damu. Nguvu yake hutokana na kuwa na milango miwili iliyo wazi. Mapafu hutoa kaboni dayoksaidi kwa dakika chache, nazo figo hurejesha bikaboneti na kumwaga asidi katika mkojo, kazi inayochukua saa kadhaa hata siku. Lawrence Henderson wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika kanuni ya uhusiano huo mwaka wa 1908. Kinachoamua hali ya damu si wingi wa kitu kimoja bali uwiano: bikaboneti huwa takriban mara 20 ya asidi ya kaboni. Bikaboneti ikipungua kwa nusu, mwili hujaribu kupunguza kaboni dayoksaidi kwa kiasi kama hicho, na njia ya pekee ya kufanya hivyo upesi ni kupumua kwa nguvu.

(Wanaouza maji ya alkali kwa bei ghali hawakwambii kwamba asidi ya tumbo huyadhoofisha kabla hayajafika mbali, na kwamba figo zenye afya hutoa mwilini alkali inayozidi.)

Hapa ndipo pumzi za yule mtoto zinapoeleweka. Katika malaria kali, vimelea huziba mishipa midogo na kuharibu seli nyekundu, viungo vikakosa oksijeni ya kutosha. Seli huanza kutengeneza nguvu bila oksijeni na kumwaga asidi ya laktiki, ambayo humaliza akiba ya bikaboneti. Utafiti uliofanywa Kilifi, katika Pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka wa 1995 ulionyesha kwamba shida ya kupumua na kupoteza fahamu ni miongoni mwa dalili kuu za watoto wenye malaria walio katika hatari ya kufa. Watafiti wa hapo walieleza baadaye kwamba pumzi ndefu kwa watoto hao aghalabu ni ishara ya asidi.

Pumzi kama hizo zilielezwa mwaka wa 1874 na daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa mahututi. Kwao asidi hutokana na mafuta ambayo mwili huchoma kwa wingi unapokosa insulini. Mgonjwa huwa na kiu, hukojoa mara kwa mara, na pumzi yake huweza kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kipimo cha sukari, ambacho huhitaji tone moja la damu, hutosha kumfanya mhudumu wa afya ashuku ugonjwa huo.

Kwa kawaida madaktari hawakimbilii kumdunga mgonjwa bikaboneti. Hushughulikia chanzo: insulini na maji kwa mwenye kisukari, dawa ya malaria kwa mwenye malaria kali, pamoja na damu iwapo yake imepungua mno. Asidi ikiacha kumwagwa, figo na mapafu hurejesha uwiano wa damu.