Sheria ya Familia na Lugha ya Raia

Enzi za ukoloni nchini Kongo, sheria ya kiraia iliyoandikwa iliwahusu hasa Wazungu. Waafrika wengi waliachiwa desturi za makabila yao. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 iliwaweka raia wote chini ya kanuni moja. Watoto wa marehemu walipewa robo tatu za urithi, na mjane matumizi ya nyumba ya ndoa. Hata hivyo, kifungu cha 448 kilimdai mke idhini ya mumewe katika mikataba; sharti hilo liliondolewa mwaka 2016. Katiba ya 2006, kifungu cha 142, huiagiza Serikali kueneza sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Agizo hilo lina uzito: mjane asiyejua Kifaransa hawezi kudai haki ambayo hajapata kuisikia.