Mtoto Juu ya Kiti cha Enzi



Wahenga walisema, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Katika historia ya Japani tunakuta mzigo mzito ukitwikwa mtoto.

Mwaka 858 Seiwa alifanywa Kaizari akiwa na miaka 8, na babu yake mzaa mama, Fujiwara no Yoshifusa, akashika hatamu. Baadaye Kaizari Shirakawa aligundua njia nyingine: mwaka 1086 alimwachia kiti mwanawe mdogo, Horikawa, naye akaendelea kuamuru kutoka nyuma ya pazia hadi kufa kwake mwaka 1129, chini ya mwana, mjukuu na kitukuu.

Kwa nini mtoto? Kaizari alifungwa na ibada za kasri. Mwaka mpya ulipoanza, ilimpasa kusujudu kuelekea pande nne za dunia. Mwezi wa kumi na moja, kuitolea miungu mchele mpya na kuuonja. Aliyekwisha kushuka alikuwa huru na hayo yote. Kiti kilihitaji mtu wa kukikalia, si lazima mtu wa kuamua.

Rokujō alisimikwa mwaka 1165 kabla hajatimiza mwaka mmoja. Mwaka 1168 aliondolewa, akawa kaizari mstaafu kabla ya miaka 4 kutimia. Alifariki akiwa na miaka 11.

La kuhuzunisha zaidi ni la Antoku, mjukuu wa Taira no Kiyomori, aliyetawazwa mwaka 1180 akiwa na mwaka 1. Mwaka 1185 ukoo wa Taira ulishindwa katika vita vya baharini vya Dan-no-ura. Simulizi mashuhuri ya Heike yaeleza kwamba bibi yake, mjane aliyekuwa mtawa wa Kibudha, alimkumbatia akajitosa naye majini. Mtoto alikuwa na miaka 6.

Upanga mtakatifu wa ufalme nao ulizama, ukatafutwa kwa bidii. Mtoto hakuhitaji kutafutiwa mrithi: tangu mwaka 1183 ndugu yake Go-Toba, mwenye miaka 3, alikuwa amekwisha kusimikwa Kyoto.

Wapendwa, waliompandisha Antoku walisema wanamheshimu. Heshima hiyo ilikuwa yao. Gharama ikawa yake. Juma hili tujiulize: je, watoto wetu tunawainua kwa ajili yao, au tunawatanguliza mbele ya vita vyetu wenyewe?