Langlois, Henri

Henri Langlois (Izmir, 13 Novemba 1914 – Paris, 13 Januari 1977) alikuwa mhifadhi wa filamu wa Ufaransa. Mwaka 1936, akiwa na Georges Franju na wenzao, alianzisha Cinémathèque française, taasisi ya kuhifadhi na kuonyesha filamu. Wakati huo filamu bubu zilikuwa zikitupwa au kuyeyushwa. Yeye aliokota alizozipata, nzuri na mbovu. Ufaransa ilipokaliwa na Wajerumani, alizificha nyingi. Alikuwa mkusanyaji hodari kuliko mtunza daftari, na hilo lilimponza: Februari 1968 serikali, chini ya waziri André Malraux, ilimwondoa kwenye uongozi wa Cinémathèque. Waongozaji wa filamu, wakiwemo Truffaut na Godard, waliandamana, na Aprili akarejeshwa. Mwaka 1974 alitunukiwa Oscar ya heshima.