"Amezoea vizuri": watoto wa Save na daftari langu la chekechea

Mama yangu hatupi karatasi. Kwenye kabati lake hapa Ixelles kuna daftari dogo la mwaka 2003 ambamo mwalimu wangu wa chekechea alikuwa akiwaandikia wazazi. Nilikuwa na miaka mitano, nimetoka Bukavu miezi minne tu iliyopita. Ukurasa wa Septemba unasema ninalia asubuhi na siitiki nikiitwa. Ukurasa wa Desemba una mstari mmoja: amezoea vizuri, haongei tena lugha yake darasani.

Kwa mwalimu hiyo ilikuwa habari moja, siyo mbili. Na kwetu nyumbani pia, tusidanganyane. Mama alisoma mstari ule kwa sauti, Baba akaenda kuninunulia chipsi pale Porte de Namur. Krismasi hiyo Mama alinunua kadi ya simu Matonge, akampigia Koko Bukavu, akaniwekea simu sikioni. Nikamjibu Koko kwa Kifaransa. Alirudia jina langu, "Alo? Alo?", mara tatu nne hivi, halafu kadi ikaisha.

Nilikumbuka siku hiyo nilipoanza kusoma habari za watoto wengine waliokuja Ubelgiji wakiwa wadogo. Wao hawakuwa na kadi ya simu.

Save ni kilima kusini mwa Rwanda. Mapadre Weupe walifungua misheni huko mwaka 1900, ya kwanza ya Kikatoliki nchini. Baadaye Masista Weupe wakaendesha hapo kituo cha watoto ambao baba zao walikuwa Wazungu na mama zao Waafrika. Usifikirie yatima. Wengi wao mama zao walikuwa hai, wakilima, wakipika, wakijua vizuri kabisa mtoto yuko wapi na kwa nini hawawezi kumchukua. Wabelgiji ndio waliotawala Rwanda, Burundi na Kongo, na serikali yao ya kikoloni iliwaona watoto hawa kama tatizo. Mtoto mwenye damu ya Kizungu asikulie kijijini, lakini pia asionekane mezani kwa baba yake. Basi akachukuliwa kwa mama, akawekwa misheni.

(Neno lao kwenye karatasi za wakati ule lilikuwa "mulâtre", ambalo asili yake inahusishwa na nyumbu, yule mnyama wa punda na farasi. Sisi tunasema chotara, na hilo nalo wapo linaowachoma. Mimi nitasema watoto wa Save, inatosha.)

Mwishoni mwa miaka ya 1950 uhuru ulikuwa unakaribia, na Novemba 1959 vurugu zikazuka Rwanda. Ikasemwa watoto hawa watakuwa hatarini, waondolewe. Kati ya mwaka 1959 na 1962 watoto wapatao 300 walipandishwa ndege kuja Ubelgiji. Wapo mama walioambiwa mtoto anaenda kusoma, na atarudi. Fikiria mama asiyejua kusoma anapewa karatasi. Angeuliza nini?

Huku walikopelekwa ndipo ninapoona ule mstari wa daftari langu. Wengine waliingia kwenye familia, wengine kwenye nyumba za watoto. Ndugu wa tumbo moja walitenganishwa. Aliyepewa familia ya Flanders alianza Kiholanzi, aliyebaki upande mwingine wa nchi alianza Kifaransa, na Kinyarwanda, Kirundi au Kiswahili alichokuja nacho kikakosa wa kuongea naye. Wengine majina yalibadilishwa, hata tarehe za kuzaliwa. Wapo waliopata wazazi waliowapenda kweli, sitaki kuwanyima hilo. Lakini hata huko kwenye upendo, mtoto mzuri alikuwa yule aliyeacha kuuliza. Miezi ikipita bila kumtaja mama, watu wazima wanapumua: haya, amezoea.

Na kumbe hata kuzoea hakukutosha. Wengi waligundua wakiwa wakubwa, siku wanataka kufunga ndoa au kuomba pasipoti, kwamba karatasi zao haziwatambui kama Wabelgiji. Umesahau lugha ya mama, unaongea Kiholanzi kama jirani yako, na kwenye dirisha la ofisi unaambiwa wewe si wa hapa.

Walioanza kuichimbua habari hii ni watu wenyewe. Georges Kamanayo, mtengenezaji wa filamu aliyekuwa mmoja wa watoto wale, alitoa filamu *Kazungu, le métis* mwaka 2000. Assumani Budagwa, injinia mwenye asili ya Kongo, alipekua nyaraka kwa miaka mingi, akachapisha kitabu mwaka 2014. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi mwaka 2017. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel alisimama bungeni hapa Brussels akaomba radhi kwa niaba ya nchi. Nyaraka za Taifa nazo zilianzisha mradi wa kuwasaidia watoto wale, ambao leo ni wazee, kupata mafaili yao na kutafuta mama zao.

Halafu ikaja kesi. Wanawake watano waliozaliwa Kongo kati ya 1946 na 1950, kila mmoja akachukuliwa kwa mama yake kabla ya kutimiza miaka saba. Hao hawakupandishwa ndege: waliwekwa misheni ya Katende, Kasai, na uhuru ulipofika wakaachwa huko. Waliishtaki Ubelgiji, wakashindwa mwaka 2021, wakakata rufaa. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikasema kuchukuliwa kwao kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na dola imlipe kila mmoja euro 50,000. Nilisoma hukumu hiyo kwenye simu, ndani ya basi la 71, na nikapitiliza kituo changu.

Sijilinganishi nao. Mimi nilikuja na Baba na Mama, na jioni nilirudi nyumbani kwenye harufu ya ugali na sombe. Ila nimewahi kujisifia mbele ya watu: miezi minne tu, nikawa naongea kama mtoto wa hapa! Siku hizi nikifika kwenye hadithi hiyo naiona sura ya Mama, huwa anaangalia pembeni.

Jumapili iliyopita nilimpigia Koko kwa WhatsApp. Kiswahili changu bado kinachechemea, ananirekebisha, tunacheka. Nikamuuliza kama anakumbuka ile Krismasi, nilipomjibu Kifaransa, na alijisikiaje.

Akanyamaza kidogo. "Miye nilizania ni rezo, mama," akasema. "Nilisema rezo ni mubaya, nitamusikia siku ingine."